Mwangalizi wa Kwa Mayige

Wapo wenye vyeo katika mkoa wetu wa Simiyu wanaoamini kwamba mtu mzima aliyeshika jembe miaka mingi kichwa chake kimekwisha kufungwa, kama ghala la chama cha msingi baada ya pamba kuondoka. Watamwita mkutanoni apige makofi. Watampa fulana yenye maandishi ya mradi. Wakihitaji mtu wa kufikiri, watamtafuta kwingine. Ninaandika habari za Domitila Mboje kwa sababu alilikataa jambo hilo hadharani, siku ambayo kunyamaza kungemfaa zaidi kuliko kusema.

Domitila alizaliwa upande wa Lagangabilili, katika nyumba ya wakulima wa pamba wenye ng'ombe wachache. Maji aliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo: ng'ombe huingia kwanza, watu huchota kando, na mtungini matope hutulia chini taratibu. Alisoma hadi darasa la saba, akafaulu kwenda sekondari, na hakwenda. Msimu ule baba yake alihitaji mikono ya kuchuma. Hapakuwa na ugomvi wala machozi yaliyosimuliwa baadaye. Hakuna aliyemwuliza, basi. Nchi hii imejaa wanawake walioachwa darasa la saba kwa namna hiyo ya ukimya, nasi tumezoea kuiita hali ya maisha, kana kwamba ni mvua na haina mwenyewe.

Aliolewa Nassa, wilayani Busega, na Marcelo, mkulima wa pamba na mpunga ambaye shamba lake linapandia kilima na nyumba yake inatazama Ziwa Victoria. Siku ya kwanza kuliona ziwa, Domitila aliuliza ng'ambo iko wapi, na wifi zake walicheka mpaka wakakaa chini. Akazaa, akalima, akachota maji, akasali jumuiya. Kwa miaka zaidi ya ishirini ziwa lilikuwa kwake mahali pa kujaza ndoo na kufulia.

Kisha padri alisoma tangazo baada ya misa. Shirika moja dogo lingefundisha watu wazima wa mwambao kuwa waangalizi wa viumbe wa ziwa: kuwajua samaki, ndege, wadudu wa majini, konokono na mimea ya ufukweni, kuona kinachopungua na kinachozidi, na kuwaongoza wanafunzi na wageni wanaotaka kujifunza. Atakayefaulu angepata cheti na kitambulisho, na bila kitambulisho hicho hakuna shule ambayo ingemkabidhi watoto wake. Sharti la kujiunga lilikuwa moja, uwe umevuka miaka thelathini na tano.

Domitila alikuwa na arobaini na nane. Alirudi nyumbani akiwa amekwisha kuamua, akamweleza mumewe wakati anamtengea ugali.

“Waangalizi wa nini?” Marcelo aliuliza.

“Wa viumbe wa ziwa.”

“Mama Joyness, wewe ni mtu wa lambo. Ziwa utaliangalia kwa macho ya wapi?”

“Kwa haya haya yanayokuangalia wewe ukirudi kilabuni.”

Marcelo alicheka, kwa maana si mtu mbaya. Alidhani mkewe angechoka baada ya wiki mbili.

Darasa lilikuwa Nyashimo, katika jengo la shule ya awali, na hapo ndipo hasira yangu inapoanza. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, walikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakifika kidevuni, huku viti vya kawaida vimefungiwa ofisini kwa ajili ya wageni ambao wangekuja siku moja. Januarius, mkulima wa mpunga na katekista, mtu mnene mwenye maneno mengi, alivunja viwili siku ya kwanza. Domitila hakungoja cha tatu. Alikwenda ofisini, akarudi na kiti cha wageni kichwani, akakiweka, akakaa. Kesho yake kila mtu alikuwa na kiti cha kawaida.

Mwalimu wao aliitwa Felisita, msomi wa mambo ya ziwa, mpole wa sauti na mkali wa macho. Huyu simlaumu; ni miongoni mwa wachache wanaofundisha watu wazima bila kuwabembeleza kama wagonjwa. Ndiye aliyewapeleka kwa mara ya kwanza kwenye kijighuba kinachoitwa Kwa Mayige, karibu na nyumbani kwa Domitila, penye mawe upande mmoja na mafunjo upande wa pili. Aliwagawia nyavu ndogo na makarai meupe, akawaambia wakokote nyavu kwenye mizizi ya mafunjo, wamwagie karaini watakachopata, kisha walete.

Lililotokea lingeweza kutokea kwa wakulima wa pamba tu. Mtu aliyelelewa katika shamba la pamba hufundishwa mapema kwamba akimwona mdudu juu ya kitumba cha pamba, amminye kwa kidole gumba na cha shahada kabla hajafikiri. Ni kazi ya mkono, haipandi kichwani. Basi Felisita alipopita kukagua makarai, alikuta wadudu waliominywa. Domitila, aliyekuwa amepata wengi kuliko wote, alikuwa amewaua wote na kuwapanga vizuri ukingoni mwa karai, kama mtu anayetarajia kusifiwa.

“Mama,” Felisita alisema, “huyu ni mtoto wa kereng'ende. Angekaa majini akila viluwiluwi vya mbu, kisha angeota mabawa akaruka. Umemfanya nini?”

“Nimemuua, Mwalimu.”

“Kwa nini?”

Domitila alivitazama vidole vyake. “Alikuwa mdudu.”

“Mwalimu, msamehe ng'wana Mboje,” Januarius alidakia, huku akificha karai lake mgongoni. “Kwao huyo angekuwa amekwisha kula nusu ekari.”

Wote walicheka, Domitila pia. Lakini aliniambia kwamba jioni ile alikaa akiuwaza mkono wake. Mkono uliokuwa ukiua miaka yote hiyo bila kumwuliza yeye ulimfanya ashuku mambo mengine mengi ambayo alikuwa akiyatenda bila kuulizwa.

Nisimpake mafuta. Hakuwa mwanafunzi mtulivu. Alibishana kuhusu mnandi, akishikilia kwamba ni bata aliyekonda, mpaka Felisita akampeleka kwenye mawe ya ufukweni kumwona akianika mabawa yake. Alichanganya majina ya konokono hadi mwisho. Lakini palipo na jambo alilolielewa, alilishika kwa meno. Siku alipofundishwa juu ya furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi wanaozaliana kando kando ya ziwa, alisimama katikati ya somo. Furu jike hubeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na siku zote hizo hali chakula.

“Hali kabisa?” aliuliza.

“Hali.”

“Na sisi tunamwita samaki wa paka,” Domitila alisema, akakaa.

Kila mwanafunzi alipewa kipande cha ufukwe cha kukitunza kwa macho. Yeye alipewa Kwa Mayige. Alikwenda kila asubuhi kabla ya shamba, na jirani zake wakaanza kumsalimia kwa kejeli: “Mwangaluka, Mama Samaki! Wameamkaje?” Naye aliwajibu kwamba wameamka vizuri, isipokuwa wanalalamika juu ya sabuni za watu fulani.

Ugomvi wa nyumbani ulianza msimu wa kupulizia dawa, katika kile kiangazi kifupi kinachotenganisha mvua za vuli na za masika. Felisita alikuwa amewafundisha kwamba bomba la kupulizia lioshwe shambani, na maji ya kuoshea yanyunyiziwe juu ya pamba hiyo hiyo, maana dawa inayoua funza wa vitumba huua pia viumbe wa majini, tena kwa kiasi kidogo mno. Lakini kilimani hakuna maji. Wanaume wa pale, wakimaliza kupulizia, huteremka na mabomba mgongoni wakayaosha ziwani, kisha wakaoga hapo hapo.

“Dawa ni ya wadudu,” Marcelo alisema mkewe alipomkataza. “Samaki tangu lini akawa mdudu?”

“Na huyo samaki anakula nini, Baba Joyness? Ugali?”

“Karatasi ya dawa inasema samaki?”

“Karatasi ipi? Umeinunua gulioni kwenye chupa ya soda.”

Hapo alisema kweli, na hapo ndipo pa kuwauliza walio ofisini. Sumu inapimwa hadharani kwenye chupa za vinywaji, bila jina wala maelezo, na anayeulizwa baadaye ni mkulima. Msambazaji haulizwi. Aliyeruhusu gulio lile haulizwi.

“Sawa,” Marcelo alisema. “Basi leta maji juu, nioshee huko.”

Domitila alitua kapu. “Maji ya kuchanganyia dawa nilipandisha mimi. Maji yako ya kunywa nilipandisha mimi. Ya kuoshea pandisha wewe.”

“Mwanamume abebe ndoo kupanda kilima?”

“Baiskeli unayo.”

Maji Marcelo hakuyapandisha.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa kuandika. Kila mwanafunzi alipaswa kuongoza kundi la watu kwenye kipande chake mwenyewe na kueleza kile atakachokikuta asubuhi hiyo. Bahati iliyomwangukia Domitila, kama ni bahati, ilikuwa kwamba wafadhili wa mradi wangekuja siku yake. Alifika Kwa Mayige jua likiwa bado halijapanda, amevaa kitenge chake cha Pasaka, akanusa harufu kabla ya kuona.

Maji yalikuwa yametulia ndani ya kijighuba, na juu yake walielea furu, matumbo juu, wametapakaa kutoka kwenye mawe hadi kwenye mafunjo. Wadudu wa majini walikuwa wamekusanyika ukingoni kama makapi ya mpunga. Juu ya mawe, mdomo chini, palikuwa na bomba la kupulizia lililoachwa likauke. Mkanda wake mmoja ulikuwa umekatika na kufungwa kwa kipande cha kitenge. Domitila ndiye aliyekifunga. Bomba lilikuwa la nyumbani kwake.

Alikuwa bado amesimama pale Felisita alipofika pamoja na Paschal, mratibu wa mradi, aliyekuja kutoka Bariadi kuwatangulia wageni. Paschal ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, mwenye simu mbili. Aliyatazama maji, akaitazama saa.

“Shikamoo mama. Pole,” alisema. “Sikiliza, tusipaniki. Tunahamia ule ufukwe wa pili, pale penye korongo. Wageni wako njiani, hawajui hata jina la hapa.”

“Marahaba. Kipande changu ni hiki.”

“Najua, mama. Leo tu.”

“Mtihani unasema nieleze nitakachokikuta. Nimekikuta hiki.”

“Mama Domitila.” Paschal alishusha sauti. “Hawa watu wanakuja kuamua kama mradi uendelee. Wakiona samaki wamekufa watasema mafunzo yameshindwa. Darasa la mwaka kesho halitakuwepo. Unataka wenzako wakose kwa sababu yako?”

Sitaki kumfanya Paschal shetani. Alichosema kilikuwa na uzito, na Domitila aliuona uzito wenyewe. Lakini tazameni jinsi jambo lilivyopinduliwa. Aliyelichafua ziwa hakuhesabiwa kuwa ameharibu mradi. Aliyetaka kulitaja ndiye aliyeambiwa anaharibu.

“Mratibu,” Domitila alisema, “kama mradi unakufa kwa kusema maji yamechafuka, basi ulikuwa mradi wa kupiga picha.”

Paschal alimgeukia Felisita. “Mwalimu, mwambie.”

“Njia anachagua mwanafunzi,” Felisita alisema. “Hatukuandika vingine.”

“Wewe unatoa alama, cheti nasaini mimi,” Paschal alisema. Kisha kwa Domitila, polepole, kama mtu anayemwonea huruma: “Ukiwaleta hapa, cheti usahau. Nakwambia mapema usije ukasema hukujua.”

“Nimesikia, mwanangu.”

Watu walikuja wengi. Walikuwepo wageni na mkalimani wao, viongozi wa kata, wanafunzi wenzake, na majirani waliokuja kumcheka Mama Samaki akihojiwa na wenye magari. Nami nilikuwepo. Marcelo alikuja pia, akasimama nyuma, mikono mgongoni.

Domitila aliwasalimu, akaanza na walio hai. Aliwaonyesha mnandi juu ya mwamba, akawaeleza kwa nini anaanika mabawa. Aliwaonyesha mafunjo na jinsi mizizi yake inavyowaficha samaki wachanga. Halafu akawaongoza hadi kwenye kijighuba, na mzaha wa majirani ukakatika.

Aliokota furu mmoja majini. Akamfungua kinywa taratibu kwa ncha ya kidole. Ndani yalikuwa mayai, ya manjano, yamebanana.

“Huyu ni mama,” alisema. “Alikuwa hajala siku nyingi ili hawa watoke. Amekufa nao. Hakuna ugonjwa hapa. Hii ni dawa ya pamba.”

Mgeni mmoja, mwanamke, aliuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza: “Mama, kila mwaka ni hivi?”

“Kila msimu wa kupulizia. Nyinyi tu ndio mmekuja siku yenyewe kwa mara ya kwanza.”

Paschal alikohoa. Ndipo sauti moja ya kiume ikatoka katika kundi la majirani: “Mbona unazunguka? Bomba si hilo pale juu ya mawe! Taja mwenyewe!”

Kila mtu pale alifikiri angekwepa, hata mimi nilifikiri hivyo. Mwanamke aliyeolewa, ugenini kwa wakwe zake, mbele ya viongozi, hamtaji mumewe. Sheria hiyo haikuandikwa mahali popote na inatiiwa kuliko zote zilizoandikwa.

“Bomba hilo ni la nyumbani kwangu,” Domitila alisema. “Mkanda wake nimefunga mimi. Aliyeliosha hapa ni mume wangu, na aliliosha hapa kwa sababu nilikataa kumpandishia maji kilimani. Nilikataa, na leo nikiombwa nitakataa tena. Maji ya dawa, ya kunywa, ya kunawa, yote yanapanda juu ya vichwa vyetu sisi wanawake. Kama ziwa hili linangoja kichwa changu ndipo lipone, halitapona.” Akawageukia majirani. “Sasa wewe uliyesema nitaje. Nimetaja langu. La kwako unaliosha wapi?”

Aliyejibu ni Januarius, aliyetoka mbele na tumbo lake, akavua kofia.

“Basi na langu liandikwe la pili,” alisema. “Niliosha juzi, hapo kwenye jiwe la kushoto. Na mahubiri ya uumbaji nilitoa mimi mwenyewe Jumapili.”

Walicheka, lakini kicheko cha watu waliokamatwa. Mwanamke mmoja alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika, kwamba yeye pia shingo imemchoka. Walipotazama nyuma, Marcelo alikuwa ameshachukua bomba lake na kuondoka.

Domitila alimkuta nyumbani mchana, amekaa kwenye kigoda mlangoni, bomba kati ya miguu yake.

“Umenivua nguo mbele ya wageni,” Marcelo alisema.

“Nguo ulivua mwenyewe. Mimi nimetaja rangi.”

“Ndugu zangu wanasema nikurudishe kwenu Lagangabilili.”

“Na wewe unasemaje?”

Marcelo aliokota kijiti akaanza kukwangua udongo kwenye mpira wa bomba. Domitila alingoja ajibu, kisha akaingia ndani akapika, kwa kuwa watu lazima wale. Siku nyingi zilipita nyumba ile ikiwa na maneno ya lazima tu. Hakurudishwa kwao. Wala hakuomba msamaha, ingawa wifi zake walikuja kumfundisha namna ya kuuomba, wakamletea hata kuku wa kwenda naye kwa wakwe. Kuku akamfuga.

Wanawake wa pale ndio waliobadili mambo. Mmoja baada ya mwingine walikataa kupandisha maji ya kuoshea mabomba, na kila mwanamume aliyeonekana akiteremka ziwani na bomba mgongoni alilakiwa ufukweni na wafuaji wenye maneno makali kuliko dawa yake. Baadhi waliendelea kuosha kwa kificho. Wengine walifunga madumu kwenye baiskeli, wakasukuma kilimani, wakilaani. Marcelo alikuwa miongoni mwa waliolaani, na analaani mpaka sasa, lakini anasukuma.

Siku ya kutoa vyeti wote waliitwa Bariadi, katika ukumbi wenye mapambo, maji ya chupa na muziki. Domitila alikaa na wenzake, kitenge kile kile cha Pasaka. Paschal alisoma majina. Januarius aliitwa, akaenda akiyumba kwa furaha. Wote waliitwa. Jina la Domitila halikusomwa, na Paschal akaanza kuwashukuru wadau.

Domitila alisimama. “Mratibu, umeruka jina.”

“Mama, hilo tutaongea ofisini.”

“Nilipimwa nje, mbele ya watu. Nijibiwe mbele ya watu.”

Muziki ulizimwa na mtu asiyejulikana. Felisita naye akasimama mahali alipokuwa. “Mimi ndiye niliyempima,” alisema. “Alifaulu. Alikosea konokono, akafaulu mengine yote.”

Paschal alijifuta paji la uso. Alieleza kwamba kamati haikumfelisha, hapana, ila mazingira ya siku ile hayakuwa rafiki kwa tathmini. Kamati ilikuwa imeamua kumpa nafasi ya kurudia, tena kwa upendeleo, katika ufukwe mwingine ulio safi, msimu ambao si wa kupulizia. Angekubali pale pale, cheti kingekuwa chake baada ya muda mfupi. Alichotakiwa ni kutembea saa moja penye korongo na kutaja majina ya ndege.

Na alikitaka cheti hicho. Msidhani alikidharau. Alikitaka kama mtu aliyekwishanyimwa kimoja akiwa na miaka kumi na minne bila kuulizwa. Niliuona uso wake nikiwa upande wa pili wa ukumbi, na sijui mtu aliyekitaka zaidi.

“Kurudia nitarudia,” alisema. “Lakini hapo hapo Kwa Mayige. Msimu wa kupulizia. Na mje bila kunipigia simu.”

Akachukua mkoba wake, akatoka. Januarius alitoka nyuma yake, cheti mkononi, akilalamika kwamba chakula kilikuwa hakijaletwa. Na Felisita akatoka nyuma ya Januarius.

Kamati haijaenda. Imepita misimu miwili ya pamba sasa. Mradi uliendelea, wafadhili hawakukimbia kama ilivyohofiwa, na darasa jipya limeanza Nyashimo. Domitila hana cheti wala kitambulisho, na kila Jumamosi yuko Kwa Mayige na yeyote anayekuja: wazazi wanaoleta watoto wao wenyewe kwa kuwa shule haziruhusiwi, wakulima kutoka vijiji vya mbali na ziwa, wageni waliosikia habari zake barabarani. Anawaonyesha mnandi na mafunjo. Siku za kupulizia anawaonyesha na waliokufa, ambao wamepungua lakini wapo, na anataja mabomba ya akina nani.

Mwezi uliopita alikuja ofisa mmoja aliyetumwa, amevaa viatu vya ukumbini, akasimama juu ya mwamba mbali na maji.

“Mama, unaongoza watu hapa kwa kibali gani? Kitambulisho chako kiko wapi?”

Domitila alikuwa majini hadi magotini, kundi limemzunguka. Hakugeuka.

“Kiko Bariadi,” alisema. “Kinaogopa maji.”

Kisha akawaambia watu wake wasogee karibu, wasikanyage mizizi, akaendelea na somo.